Maswali ya Wasomaji: Farasi wa Mbali na Punda wa Nyumbani

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulizungumzia wafugaji wa Mongolia, nchi yenye farasi wengi kuliko watu, ambako mtoto wa mfugaji hupandishwa farasi akiwa bado mdogo sana na ambako kaya moja yaweza kukaa mbali kiasi cha kutoonekana moshi wa jirani yake. Barua zilizotufikia kutoka Mwanza na kutoka vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria zilikuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Wengi wenu hamkuishia kwenye habari za Mongolia. Mlitaka kujua kwa nini uhusiano wa namna ile haukujengeka kwetu kati ya mtu na farasi, na kama yale mnayoishi na punda wenu yanaweza kuwekwa kwenye mizani moja nao. Nimeyapokea maswali hayo kwa furaha, kwa sababu nimefanya kazi ya mifugo katika wilaya hizi kwa muda mrefu, na naamini kwamba punda ndiye mnyama tunayemtegemea sana na kumtazama kidogo kuliko wote.

Mwalimu wa shule ya msingi, Nansio, Ukerewe: Nilisoma makala yenu mbele ya darasa, na mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini babu zetu wa huku ziwani na Usukuma hawakuwa na farasi, ilhali Lesotho na Ethiopia wanao. Mwingine akasema labda waliogopa. Niwajibu nini?

Jibu: Mwalimu, waambie kwamba woga haukuhusika hata kidogo. Kilichotunyima farasi ni wadudu. Usubi wa jamii iitwayo Culicoides hueneza virusi vya ugonjwa unaojulikana kama ugonjwa wa farasi wa Afrika, na farasi asiyechanjwa anapoupata kwa namna yake kali zaidi, mapafu hujaa maji, povu humtoka puani, naye hufa ndani ya siku chache. Katika mlipuko mkali, farasi tisa kati ya kumi waweza kufa. Baghala, yaani mnyama aliyezaliwa na farasi na punda, hufa kama nusu yao. Punda hufa wachache mno, na wengi wa punda wetu hupitiwa na ugonjwa huo bila mwenye punda kugundua. Pundamilia naye hubeba virusi hivyo damuni bila kuugua, na hivyo huwa hifadhi ambayo usubi huchota humo mwaka baada ya mwaka.

Sasa wawekee ramani ukutani. Mashariki mwa ziwa kuna Serengeti na makundi yake ya pundamilia. Kandokando ya ziwa kuna matope, mabwawa na unyevu, mahali usubi anapopenda kuzaliana. Joto letu halikatiki. Ziwa liko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini hatujui baridi ya kugandisha maji, na baridi hiyo ndiyo humwangamiza mdudu huyo katika nchi nyingine. Upande wa magharibi, kuelekea Sengerema na Geita, kulikuwa na vichaka vya mbung'o, ambaye hueneza nagana, ugonjwa mwingine unaommaliza farasi upesi. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wa Usukuma walifyeka vichaka kwa maelfu ya ekari ili kumfukuza mbung'o huyo, na utafiti mkubwa juu yake ulikuwa na makao Shinyanga chini ya Charles Swynnerton.

Wageni waliokuja na farasi walijionea wenyewe. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 akiwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa kabla msafara haujafika mbali na pwani. John Hanning Speke, aliyefika kwenye ziwa hili karibu na Mwanza mwezi Agosti 1858, mizigo yake ililetwa na wapagazi. Hilo nawasihi mlitilie mkazo darasani: Wanyamwezi na Wasukuma walipata sifa ya upagazi katika njia zote za pwani na bara si kwa sababu hawakumjua mnyama wa kubeba mzigo, bali kwa sababu wanyama wa kubeba mizigo walikuwa wakifa njiani, na bega la mtu likabaki kuwa ndilo gari pekee linalofika.

Lesotho ni habari nyingine kabisa. Nchi nzima iko juu. Hakuna sehemu iliyo chini ya mita 1,400 hivi, na milimani theluji huanguka. Farasi walipowafikia watu wa Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, karibu na mwaka 1830, walikuta baridi inayoua usubi na majani ya milimani yanayowatosha. Katika muda wa kizazi kimoja Wabasotho wakawa wapanda farasi hodari, na jamii ya farasi wao wadogo wenye kwato ngumu ikajulikana kusini yote mwa Afrika. Hadi leo kuna vijiji ambavyo gari haliwezi kuvifikia, na wahudumu wa afya huvipelekea dawa wakiwa juu ya farasi. Nyanda za juu za Ethiopia zilitoa nafasi kama hiyo. Kaskazini mwa Nigeria, ambako hewa ni kavu, watawala wa Kano walikuwa na wapanda farasi kwa karne nyingi, na gwaride lao la sikukuu limekuwa likivuta maelfu ya watu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanafunzi wako watalipenda. Punda alifugwa kwanza Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita, kutokana na punda mwitu ambao mabaki yao yanaishi mpaka leo katika jangwa la Eritrea na Ethiopia. Asili ya farasi wote wanaofugwa leo duniani ni nyika za Urusi ya kusini, na walianza kuenea kutoka huko kama miaka 4,200 iliyopita. Mtu wa bara hili alikuwa ameshatembea na punda kwa muda mrefu kabla ya hapo.

Mwanafunzi wa chuo, Nyegezi, Mwanza: Mliandika kwamba farasi "humjua" bwana wake. Je, hilo limethibitishwa, au ni mnyama anayefuata chakula tu, nasi tunamtwika hisia zetu wenyewe?

Jibu: Swali lako limewahi kuchunguzwa kwa makini sana. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mjini Berlin, Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye watu waliamini kwamba anajua hesabu. Ukimwuliza tatu na nne ni ngapi, aligonga ardhi kwa kwato mara saba, kisha akasimama. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba muulizaji asipojua jibu, Hans naye hakulijua. Farasi yule alikuwa akimtazama muulizaji. Hesabu ilipokaribia jibu, mwili wa muulizaji ulikaza kidogo, na ilipofika, kichwa chake kiliinuka kwa kiasi ambacho hata yeye mwenyewe hakukihisi. Hans alikiona na kuacha kugonga.

Watu wengi husimulia kisa hicho kama habari ya udanganyifu uliofichuliwa. Mimi nakisoma tofauti. Hans hakujua hesabu, lakini alimjua mtu kwa namna ambayo hakuna mtu aliyekuwa pale aliweza kumjua mwenzake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi picha za nyuso za watu wasiowafahamu, nyingine zikiwa na hasira na nyingine zikiwa na furaha. Mbele ya uso wa hasira mapigo ya moyo wa farasi yalipanda haraka zaidi, na farasi aligeuza kichwa ili autazame kwa jicho la kushoto, jicho ambalo wanyama wengi hulitumia kwa jambo la hatari. Kwa hiyo mnyama huyu anasoma uso wetu bila kufundishwa na bila kusubiri pumba.

Hata hivyo, usidhani kwamba kumjua mnyama ni lazima kuonekane kwa kumkumbatia. Wamongolia huwaacha farasi wao wajilishe nyikani sehemu kubwa ya mwaka. Wengi hawawapi majina. Humtambua kila mmoja kwa rangi yake, na maneno yao ya rangi za farasi ni mengi ajabu. Hunywa maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa, na nyama ya farasi huila. Katika sikukuu yao ya Naadam, mwezi Julai, watoto hupanda farasi katika mbio za kilomita nyingi, na farasi wa miaka miwili anayefika wa mwisho kabisa huimbiwa wimbo wa kumtia moyo, kumwombea mwaka ujao uwe wake. Farasi mpendwa akifa, fuvu lake laweza kupelekwa mahali pa juu panapoheshimiwa. Watu hao hao, katika baridi kali ya mwaka 2009 hadi 2010, walipoteza zaidi ya mifugo milioni 8, na wengi walihamia mjini kwa sababu hawakubakiwa na kitu. Uhusiano wao na farasi umejengwa juu ya uangalifu wa kila siku, kwa sababu katika nchi ile kutomwangalia mnyama vizuri ni kufa njaa. Nadhani mchungaji wa Kisukuma anayemtambua ng'ombe wake mmoja kati ya mia kwa mabaka ya ubavuni hatahitaji kuelezwa zaidi.

Mama wa watoto wanne, Ngudu, Kwimba: Nina punda wawili wa kuchotea maji lamboni. Mmoja alikuwa mtulivu miaka yote, lakini tangu kiangazi hiki anarusha mateke ninapomfunga mzigo, na juzi alimpiga mwanangu pajani. Mume wangu anasema shukrani ya punda ni mateke, kwa hiyo auzwe. Mimi namwonea huruma, kwani amenibebea maji tangu kifungua mimba wangu ananyonya. Nifanye nini?

Jibu: Mama yangu, pole sana kwa mtoto, na namshukuru Mungu kwamba teke halikumpata kichwani. Kabla hamjaamua kuuza, fanya jambo moja leo jioni, punda akiwa ametua mzigo na ametulia. Simama ubavuni pake karibu na bega, sema naye ili ajue uko wapi, kisha upitishe kiganja polepole kuanzia shingoni, juu ya uti wa mgongo, mpaka kiunoni. Akitetemeka mahali fulani, akizamisha mgongo au akilaza masikio nyuma, hapo ndipo penye jibu la swali lako. Punda aliyekuwa mtulivu kwa miaka kisha akabadilika ndani ya msimu mmoja, kwa kawaida tabia yake haijabadilika. Ameumia.

Punda huficha maumivu kuliko wanyama wote ninaowafahamu. Ng'ombe akiumwa hujitenga, mbuzi hulia, lakini punda huendelea kusimama na kula kidogo kidogo hadi ugonjwa unapokuwa umemfikisha pabaya. Tunamwita mvumilivu, na kwa sababu hiyo hatumchunguzi. Vivyo hivyo kwa ukaidi wake. Farasi akiogopa hukimbia, naye punda akiogopa husimama wima ili apime hatari kwanza. Anayemkuta amesimama humchapa fimbo, na hapo punda anakuwa na mambo mawili ya kuogopa badala ya moja.

Tuangalie mzigo. Hukuniandikia unambebesha madumu mangapi, lakini njiani huko Kwimba nimewaona punda wengi wenye madumu manne. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20, kwa hiyo madumu manne ni kilo 80. Punda wetu mzima ana uzito wa kilo 130 hadi 160 hivi, na mzigo wa mgongoni usiozidi theluthi ya uzito wake ndio anaoweza kuubeba siku baada ya siku bila kuharibika, yaani kama kilo 50. Madumu mawili yanatosha. Najua maana ya ushauri huu kwa mwanamke ambaye lambo liko mbali na jua halimsubiri: ni safari mbili badala ya moja. Lakini una punda wawili, na wote wawili wakibeba madumu mawili mawili, maji yanayofika nyumbani ni yale yale.

Pili, tazama mzigo unakaa wapi. Kamba ya nailoni ikipita moja kwa moja juu ya uti wa mgongo, kila hatua ni msumeno. Mtengenezee sogi ya magunia mawili yaliyojazwa nyasi kavu na kushonwa pamoja, ili uzito ulalie mbavu za kila upande na uti wa mgongo ubaki wazi katikati. Kama mnamfunga kwenye mkokoteni, msimvike nira ya maksai. Ng'ombe wetu ana nundu, na nira huegemea nundu hiyo anaposukuma. Punda hana nundu, nguvu zake ziko kifuani, na nira humkata shingo bila kumpa mahali pa kusukumia. Mshonee mkanda mpana kama kiganja, uliotandikwa kitambaa laini, upite mbele ya kifua. Fundi wa viatu yeyote anaweza kuushona kwa turubai iliyokunjwa.

Kuna jambo dogo ambalo hunisikitisha kila ninapoliona: punda hubeba lita 40 za maji kutoka lamboni, naye mwenyewe hajanywa. Mpe nafasi ya kunywa kabla hujamfunga madumu, na usimharakishe. Punda hususa maji machafu hata akiwa na kiu, kwa hiyo mtafutie ukingo usiovurugwa na ng'ombe.

Ukikuta kidonda, kisafishe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi kidogo, usikipake oili chafu wala majivu, na umpumzishe mpaka ngozi ifunge. Mwite afisa mifugo, na umwulize juu ya dawa ya minyoo na chanjo ya pepopunda, kwa maana farasi na punda ni wepesi mno kushikwa na ugonjwa huo kupitia kidonda kidogo tu cha kwato. Angalia pia miguu ya mbele kama huwa mnamfunga kamba usiku. Kamba nyembamba huingia nyamani taratibu bila mtu kuona. Mwanao akipona, mfundishe kumkaribia kutoka upande wa bega huku akisema naye, asipite nyuma yake kimya kimya, na asiwe yeye wa kukaza kamba mpaka mgongo upone.

Mwambie mume wako, kwa heshima zote, kwamba asubiri mwezi mmoja. Nimekutana na punda wengi warusha mateke, na karibu wote walikuwa na kidonda, kwato iliyooza au kumbukumbu ya kipigo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, lakini sidhani kama nyumba yenu inahitaji sheria. Barua yako inaonyesha kwamba mtu wa kumtetea huyu punda yupo tayari.

Kijana mfanyabiashara, Ilemela: Nataka kuleta farasi mmoja kutoka Arusha ili watalii na maharusi wapigie picha na kupanda ufukweni. Watu wananiambia atakufa. Ni kweli?

Jibu: Si lazima afe, lakini usimlete kabla hujajitayarisha. Arusha na Kilimanjaro wana farasi, na Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, kwa hiyo utunzaji wake unawezekana nchini. Daktari wa mifugo anayewajua farasi akuhakikishie kwanza chanjo ya ugonjwa niliomweleza mwalimu wa Nansio, na ratiba ya kuirudia. Usubi huuma zaidi kuanzia jua linapotua hadi linapochomoza, hivyo banda lako liwe na wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua cha kawaida, na farasi aingie humo kabla ya magharibi. Karibu na maji, jambo hilo halina siku ya mapumziko.

Utahitaji pia mtu wa kukata kwato kila baada ya wiki sita hadi nane, na maji safi ya lita 30 au zaidi kwa siku. Linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako, hata hivyo, ni neno "mmoja". Farasi ni mnyama wa kundi. Akiishi peke yake hukosa usingizi mzuri, kwa sababu kundini mmoja hulala mwingine akilinda. Farasi mwenye hofu kati ya muziki wa harusi na watoto wanaokimbia ni hatari kwa maharusi na kwako. Kama mtaji wako unatosha farasi mmoja tu, basi bado hautoshi. Unaweza kuanza na punda wawili waliotunzwa vizuri wakavuta kigari cha kupambwa, na nina hakika maharusi wa Mwanza watakipenda.

Mwanafunzi wa darasa la sita, Magu: Kwa nini tusipande pundamilia, kwa kuwa haugui ugonjwa wa farasi?

Jibu: Umefikiri vizuri sana, na si wewe wa kwanza. Wajerumani walipotawala nchi hii walijaribu kumfuga kwa sababu hiyo hiyo, na huko London tajiri mmoja, Walter Rothschild, aliwahi kufungiwa pundamilia kwenye gari lake akapita nao barabarani. Pundamilia mmoja mmoja wanaweza kuzoeshwa, ila jamii yao imeishi kati ya simba na fisi kwa muda mrefu mno, na kila kinachowashika wanakiuma bila kukiachia. Tena migongo yao haikuzoea mizigo kama ya punda, ambao wamechaguliwa na wafugaji kwa vizazi elfu na zaidi.

Mzee, Misasi, Misungwi: Mwanangu, nina punda jike aliyezeeka. Amenibebea pamba, mahindi na maji, na ameniachia mwana-punda mmoja ambaye sasa anaanza kazi. Amekuja mtu anayetaka kumnunua kwa ajili ya ngozi, na fedha anayotaja si ndogo. Watoto wangu wanasema nikubali, kwani atakufa tu. Mimi moyo unasita, lakini sijui kama ni busara.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Moyo wako unasita mahali panapostahili kusita, na nitakueleza kwa nini nakubaliana nao.

Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, inayotumika China kama dawa ya kuongeza damu na katika vipodozi. China yenyewe ilikuwa na punda zaidi ya milioni 10 mwanzoni mwa miaka ya 1990, nao wamepungua wakabaki chini ya milioni 3, ndipo wanunuzi wakageukia Afrika. Mkoa wa jirani wa Shinyanga uliwahi kuwa na machinjio ya punda, na wafugaji wengi wa kanda hii wanakumbuka jinsi wizi wa punda ulivyokuwa mkubwa katika miaka hiyo. Punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12, na huzaa mmoja tu. Huwezi kumfuga kwa ajili ya kuchinja kama unavyofuga kuku au nguruwe, kwa sababu wanaochinjwa kwa mwaka watazidi wanaozaliwa, na kijiji kitakachouza punda wake leo kitawakuta wanawake na watoto wa kike wakirudisha madumu kichwani mwaka ujao. Kwa sababu hizo, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokutana Addis Ababa mwezi Februari 2024 walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mtu anayepita vijijini akinunua kwa lengo hilo, mwulize kibali chake mbele ya mtendaji wa kijiji, na usifanye naye biashara usiku.

Hayo ni ya nchi na bara. Yaliyo ya kwako ni kwamba punda aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 30 na zaidi, ingawa wengi wa punda wetu hawafiki nusu yake kwa sababu ya kazi na njaa ya kiangazi. Mtazame meno. Kama anatoa chakula mdomoni kikiwa kimesokotwa kama kidonge cha majani, meno yamekwisha au yana ncha kali, naye afisa mifugo mwenye vifaa anaweza kuzipunguza ncha hizo. Badala ya mabua magumu, mpe majani mabichi yaliyokatwakatwa na pumba kidogo iliyoloweshwa. Pumba nyingi kavu humdhuru tumbo na kwato. Msogezee maji karibu. Msimu wa mvua asilale nje, kwa maana manyoya ya punda hayazuii maji, na mzee hupigwa na baridi hadi mapafuni. Siku ambayo hataweza tena kusimama wala kula, mwite daktari wa mifugo ammalizie maumivu, kisha azikwe shimo refu mbali na lambo.

Mpaka siku hiyo, usimwache akae bandani bila kazi kabisa. Mwondolee mzigo, lakini mwache atembee na mwanawe kwenda lamboni na kurudi. Punda kijana hujifunza njia, vivuko na mahali pa kuogopa kwa kumfuata mkubwa anayemwamini, na mafunzo hayo mwanao wa kiume hataweza kumpa huyo mwana-punda kwa fimbo hata akijitahidi mwaka mzima.